Binti anataka "nusu baiolojia, nusu jamii": Je, anapotea?



Hivi karibuni, baada ya swala ya Isha, mzee mmoja alinisubiri nje ya msikiti. Binti yake amemaliza kidato cha sita, mchepuo wa Kemia, Baiolojia na Jiografia, na kafaulu vizuri. Udaktari hautaki, ualimu hautaki. Anataka fani ya chuo kikuu inayochanganya baiolojia na sayansi ya jamii. "Sheikh daktari," akaniuliza, "hiyo nusu kwa nusu ni elimu gani? Si kupoteza ada tu?" (Mimi si sheikh wala si daktari, ni tabibu niliyepita madrasa, lakini mitaani vyeo havikaguliwi.)

Ndugu msomaji, usiharakishe kumuunga mkono mzee huyu.

Kumbuka Ebola ya Afrika Magharibi, 2014 hadi 2016. Guinea, Liberia na Sierra Leone zilipoteza watu zaidi ya 11,000. Wataalamu walijua mapema kwamba maiti wa Ebola ana virusi vingi, na kwamba anayemwosha huweza kuambukizwa. Elimu hiyo ilikuwa sahihi. Lakini timu zilipofika na mavazi yao ya kujikinga na kuondoka na maiti ndani ya mifuko, bila josho wala sala, baadhi ya familia zilificha wagonjwa na kuzika kwa siri. Wewe ungekubali mama yako azikwe hivyo? Novemba 2014 Shirika la Afya Duniani likatoa mwongozo mpya wa mazishi salama na yenye heshima, ulioandaliwa pamoja na wanaanthropolojia na taasisi za dini, ikiwamo Islamic Relief. Kwa maiti Muislamu ukaelekeza tayammum badala ya kuosha kwa maji, ukazingatia sanda, na familia ikapewa nafasi yake. Kirusi kilikuwa kilekile.

Nami nina kosa langu. Niliwahi kumwambia mgonjwa wa kisukari asifunge Ramadhani, nikaishia hapo. Akafunga, akaletwa amezimia, sukari imeshuka. Ruhusa ya mgonjwa kutofunga niliisoma madrasa, mambo ya sukari nikayasoma chuoni. Kumuuliza kwa nini anaona haya kula mbele ya wanawe, hilo hakuna aliyenifundisha.

Fani hizi si ngeni. Muhimbili ina skuli nzima ya Afya ya Umma na Sayansi za Jamii. Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, kinafundisha Baiolojia ya Binadamu kwa mtindo huo tangu miaka ya 1970.

Hata hivyo hofu ya mzee ina msingi. Shahada ya namna hii haimpi mtu leseni ya kutibu. Anayetaka kuandika dawa asome udaktari au utabibu. Kazi zake ni za elimu ya afya, utafiti, lishe, miradi ya maji na chanjo, na nyingi ni za mkataba. Kwa hiyo kabla ya kulipa, aulize kama kozi inatambuliwa na Tume ya Vyuo Vikuu, kama takwimu inafundishwa kikamilifu, na wanafunzi wanapelekwa wapi kwa mafunzo ya vitendo.

Nimemwomba mzee aje tena Ijumaa pamoja na binti mwenyewe. Mpaka sasa nimemsikia baba tu.