Mkaa Wetu Upimwe, Usihukumiwe kwa Macho

Msafiri afikaye Mwandiga, mahali ambapo barabara ya Manyovu inaachana na ile ya Kasulu, haoni upesi uhusiano uliopo kati ya michikichi na elimu ya umeme. Uhusiano huo upo, na ni wajibu wa walimu na watumishi wa umma kuuelewa na kuufafanua.

Mkoa wa Kigoma ndio kitovu cha michikichi nchini. Tangu zamani, hata kufikia 2018 Serikali ilipolihimiza zao hilo kwa nguvu mpya, fikra zetu zimeelekea kwenye mafuta tu. Mawese yakishakamuliwa na kokwa zikishapasuliwa, hubaki maganda magumu ambayo aghalabu huishia kuwa kuni. Maganda hayo yakichomwa pasipo hewa hugeuka mkaa mgumu. Mkaa ni kaboni, kama kilivyo kile kijiti cheusi kilicho katikati ya betri ya tochi.

Mwanafunzi mwerevu atauliza: ikiwa ni kaboni, mbona mkaa wa jikoni haupitishi umeme vizuri? Sehemu kubwa ya jibu ni oksijeni. Zaidi ya asilimia 40 ya uzito wa kuni kavu ni oksijeni. Zikichomwa kwa joto la nyuzi 400 au 500, sehemu ya oksijeni hiyo hubaki imeshikamana na kaboni na kuikatiza njia ya umeme. Joto likipita nyuzi 700, oksijeni na haidrojeni hufukuzwa, kaboni hushikamana yenyewe kwa yenyewe, na mkaa huanza kupitisha umeme.

Kanuni hiyo hiyo inawaongoza wataalamu watengenezao utando wa kaboni isiyo na mpangilio wa fuwele, ili uwe elektrodi ya kuhifadhi umeme au ya kupimia maji na damu. Utando huo huweza kuwa mwembamba mara mamia kuliko unywele. Oksijeni ikizidi ndani yake, umeme huzuiwa. Ikiondolewa yote usoni, utando huyakataa maji, na elektrodi isiyolowa haifanyi kazi ipasavyo. Oksijeni kidogo juu ya uso huusaidia kulowa na huweza kuongeza chaji unayohifadhi. Siri basi ni kipimo.

Wapo watakaosema kuwa hayo ni mambo ya maabara za nchi tajiri. Hoja yao ina ukweli, kwani utando huo hutengenezwa kwa mitambo ya ombwe ambayo shule zetu haziwezi kuinunua. Lakini kanuni yenyewe yaweza kufundishwa kwa kopo la bati lenye tundu dogo la kutolea moshi, maganda ya chikichi, moto wa mhunzi na mita ya kupimia ukinzani. Mkaa wa moto hafifu na ule wa moto mkali ukipimwa mbele ya darasa, somo halitasahaulika.

Ndugu walimu, wapo wavuvi wa dagaa katika Ziwa Tanganyika ambao leo huvua usiku kwa taa za betri badala ya karabai. Kijana wa Mwandiga anayekariri jina la kaboni bila kuipima atabaki mnunuzi wa betri hizo maisha yake yote. Maafisa wa viwanda vidogo nao, wakiwemo wa SIDO iliyoundwa mwaka 1973, hawana budi kuuliza kila mkaa umechomwa kwa joto gani, na una oksijeni kiasi gani, kabla ya kuamua ufae kwa kazi ipi.

Mwandiga haitarajiwi kutengeneza betri kesho. Inatarajiwa ijue thamani ya kile inachokitupa motoni leo.