Kiboko ndani ya programu ya ndege

Kiboko ana kiambishi ki-, lakini hatusemi "kiboko kimelala". Tunasema amelala. Umbo ni la KI-VI, mwenendo ni wa A-WA. Mwanafunzi akikosea, wenzake wanacheka, mwalimu anasahihisha, somo linaendelea.

Nilimkumbuka kiboko huyo niliposoma jinsi programu za ndege zinavyoandikwa. Mafundi wa programu nao wana ngeli zao. Wanaeleza kitu cha jumla, tuseme kipima-mwendo, kisha wanatunga aina ndogo zinazorithi tabia zake. Sehemu nyingine ya programu huomba jibu kwa "kipima-mwendo" bila kujua ni aina ipi itakayojibu. Hilo huamuliwa programu ikiwa tayari kazini. Kwenye hesabu za duka, sawa. Ndani ya ndege jibu sahihi lililochelewa ni kosa. Kama mzazi aliahidi kujibu ndani ya milisekunde 10 na mtoto wake anatumia 50, huyo ni kiboko wetu, na safari hii hakuna atakayecheka.

Wapo wanaotaka njia hii ipigwe marufuku angani. Sikubaliani nao. Tangu 1987 Barbara Liskov alieleza kwamba aina ndogo lazima iweze kukaa mahali pa mzazi bila kuvunja ahadi yake. DO-332, hati ya 2011 inayoandamana na mwongozo wa DO-178C, inadai jambo hilo lithibitishwe. Kanuni za C++ za ndege ya kivita F-35, za 2005, zinabana zaidi: programu ikishaanza kazi haiombi kumbukumbu mpya, na hakuna kipande kinachojiita chenyewe. Wengine wanaona huko ni kuinyonga lugha. Mimi naona sarufi tu. Hata sisi hatuandiki kila kinachoweza kutamkwa.

Lawama yangu iko upande wetu. Mara nyingi kitu hiki kikiandikwa kwa Kiswahili kinaitwa "darasa". Darasa lina chaki na madawati! Ngeli ndiyo inayoamua neno litaendaje na wenzake, na ndicho fundi wa programu anachotaka kusema. Neno tunalo, tunalifundisha kila mwaka, na tumeliacha kabatini. Naomba walimu wetu wa sarufi wakae na wenzao wa kompyuta kabla "darasa" halijazoeleka. Orodha ya kwanza ya maneno nitaileta mimi.