Mwamuzi anayeomba kura: funzo kwa mabaraza yetu

Wengi wetu hapa Mashariki tuna ndugu waliopelekwa Marekani kama wakimbizi. Wako wanaoishi Houston, katika jimbo la Texas. Wakipata uraia wanapiga kura, na kwenye orodha ya wagombea wanakuta jambo la kuwashangaza: majina ya waamuzi wa tribinali, kila mmoja na chama chake.

Huko Texas wakili anayetaka kuwa mwamuzi wa wilaya anatafuta kwanza tiketi ya chama, mwezi wa tatu. Akiipata, anapambana na wa chama kingine mwezi wa kumi na moja. Akishinda, anakaa miaka 4. Anabandika mabango, anachangisha pesa, anasalimia watu makanisani. Lakini hana ruhusa ya kuahidi namna atakavyokata kesi fulani.

Njia hiyo ina faida yake. Mwaka 2018, katika eneo la Harris ambamo Houston imo, wanawake Weusi 17 walichaguliwa kuwa waamuzi kwa siku moja. Bila kura za raia, labda wengi wao wasingefika pale. Ila ina hatari pia. Orodha ni ndefu sana, mpiga kura hawajui wagombea, basi anatazama chama tu. Upepo wa chama ukigeuka, mwamuzi mwema na mwamuzi mbaya wanaondoka pamoja.

Hatari kubwa zaidi ni pesa. Katika jimbo la West Virginia, mwaka 2002, kampuni kubwa ya makaa ya mawe, Massey, iliamriwa na tribinali kulipa dola milioni 50 kwa Hugh Caperton, mwenye kampuni ndogo. Kesi ilipokuwa inaelekea mahakama kuu ya jimbo, mkubwa wa Massey alitumia dola karibu milioni 3 katika uchaguzi wa mwaka 2004 ili wakili Brent Benjamin amshinde mwamuzi aliyekuwa katika kiti. Benjamin alishinda. Kesi ilipofika mbele yake aliombwa ajitoe, akakataa. Massey ilishinda kwa kura 3 dhidi ya 2, yake ikiwa mojawapo.

Mwaka 2009 Mahakama Kuu ya Marekani ilisema Benjamin alipaswa kujitoa. Haikusema kwamba alikula rushwa. Ilisema hatari ya kupendelea ilikuwa kubwa mno. Baadaye West Virginia iliondoa vyama katika uchaguzi wa waamuzi.

Kwetu Kongo hakuna kampeni ya waamuzi. Kwa Katiba ya mwaka 2006, Rais wa Jamhuri anawateua kwa pendekezo la Baraza Kuu la Mahakimu, na kifungu cha 150 kinasema mwamuzi yuko chini ya sheria tu. Je, kwa hiyo mwamuzi wetu hana deni kwa mtu? Mama mjane mwenye kesi ya shamba anajua jibu. Anaambiwa alete kwanza pesa ya usafiri, na yule aliyeleta zaidi anasikilizwa mapema.

Basi shida haiko katika kura wala katika kuteuliwa peke yake. Iko katika deni. Yethro alipomshauri Musa, katika Kutoka 18, alitaja watu wa namna gani: wanaomcha Mungu na kuchukia faida ya udanganyifu. Na Kumbukumbu la Torati 16 inatuonya kwamba zawadi inapofusha hata mwenye hekima. Anaweza kuamini kwa moyo wote kwamba anaona vizuri.

Ndugu wazee wa kanisa, neno hili linatugusa sisi kwanza. Mabaraza yetu yanasuluhisha kila juma ugomvi wa mipaka ya mashamba, wa urithi, wa ndoa. Kama mmoja wa wenye kesi alikusomeshea mtoto, au alitoa mabati ya paa la kanisa kwa ombi lako, usikae katika kesi yake. Sema wazi mbele ya wote, toka nje, wengine waamue. Hatuwezi kudai tribinali za serikali ziwe safi huku yule mjane akishindwa katika baraza letu kwa sababu hana mabati ya kutoa.