Uraia wa wahamiaji usitegemee hisani ya Ikulu

JAMII ya Wamakonde ilipofunga safari kutoka Kwale hadi Nairobi mnamo Oktoba 2016, wengi walidhani kuwa yangekuwa maandamano ya kawaida ya wanyonge, ya kutawanywa kwa vitoa machozi na kusahauliwa. Haikuwa hivyo. Mnamo Oktoba 13, Rais wa wakati huo, Bw Uhuru Kenyatta, aliwapokea katika Ikulu na kuagiza wapewe vitambulisho kabla ya Desemba kuisha. Februari 2017 wakatambuliwa rasmi kuwa kabila la 43 nchini.

Katika vigelegele hivyo, wachache walikumbuka kazi iliyotangulia safari yenyewe. Wamakonde wengi ni vizazi vya vibarua waliotoka Msumbiji enzi za ukoloni kuja kufanya kazi katika mashamba ya miwa na mkonge. Wajukuu wao walizaliwa hapa, hawajui kwingine. Lakini kijana alipofika kwa msajili aliulizwa kitambulisho cha mzazi, na mzazi hakuwahi kuwa nacho. Bila kitambulisho huwezi kusajili laini ya simu, kufungua akaunti ya benki wala kuandikisha shamba kwa jina lako. Ni sawa na kuishi kwenu kama mgeni asiye na mwenyeji.

Mashirika ya kutetea haki, miongoni mwao KHRC na Haki Centre, yalishirikiana na viongozi wa jamii hiyo kuieleza sheria inasema nini. Mwanasheria wa Nairobi anaweza kuandaa ombi lisilo na dosari, lakini hamjui mzee yupi anakumbuka nani alifika kijijini mwaka gani. Mzee naye anakumbuka yote, ila hajui kuwa kumbukumbu zake, zikiandikwa katika hati ya kiapo, ni ushahidi. Nubian Rights Forum ya Kibera ilitambua jambo hili mapema, ikawafunza wanajamii wenyewe kuwa wasaidizi wa kisheria wa kuwaongoza majirani zao waliokuwa wakipigwa msasa kabla ya kupewa vitambulisho. Kwa maoni yangu, huo ndio mgawanyo wa kazi unaofaa.

Sheria yenyewe si mbaya. Kifungu cha 15 cha Sheria ya Uraia na Uhamiaji ya 2011 kiliruhusu kuandikishwa kwa mtu asiye na uraia wa taifa lolote ambaye ameishi nchini mfululizo tangu Desemba 12, 1963, mradi anajua Kiswahili au lugha ya kienyeji na hajafungwa kwa kosa zito. Watoto wake waliotimu umri wa miaka 18 nao wakafunguliwa mlango. Kasoro ni kwamba mlango huo uliwekewa muda wa miaka mitano, ukaongezewa mitatu, na muda ukakatika Agosti 2019. Miaka minane ni michache mno kwa watu ambao ndio kwanza walikuwa wakisikia kuwa kuna sheria.

Jamii zilizofuata zilisubiri neno la Rais. Washona, ambao wazee wao waliletwa na kazi ya dini kutoka Zimbabwe ya leo, waliahidiwa uraia katika sherehe za Jamhuri Dei ya 2020 na kukabidhiwa hati 2021. Wapemba wa Pwani, wavuvi waliohangaika kupata leseni za kuingia baharini katika nchi walimozaliwa, walitambuliwa na Rais William Ruto mjini Kilifi Julai 2023.

Hakuna anayewaonea gere. Swali ni kuhusu wasio na idadi ya kujaza uwanja wala mabasi ya kuwafikisha Ikulu, kama familia zenye asili ya Burundi zilizotawanyika Pwani. Tangazo la Rais humfikia aliyejipanga. Kifungu cha sheria humfikia hata aliye peke yake.

Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2016 inawataja wakimbizi na watu wasio na uraia miongoni mwa wanaostahili kusaidiwa, na inawatambua wasaidizi wa kisheria. Hata hivyo, mashirika mengi yanayofanya kazi hiyo hutegemea fedha za wahisani, na mradi ukifika kikomo, ofisi hufungwa na faili za watu hubaki kabatini. Serikali za kaunti za Pwani, zinazojua vyema vijiji husika, zingeweza kuanza kwa kuwalipia wasaidizi hao nauli. Bunge nalo halihitaji sheria mpya. Latosha kuondoa ukomo wa muda katika ile ya 2011.