Tope la kisima ni data, tusilimwage

Wasomaji, leo naacha kidogo mambo ya kompyuta. Au pengine siyaachi.

Mwezi uliopita nilikuwa kwa baba mdogo huko Ahero, kwenye tambarare za Kano. Jirani yake ana kisima kizuri. Baba mdogo naye akachimba, akalipia mita zote, maji hakuna! Nikamwuliza fundi, "Kwani si udongo ni ule ule?" Akasema kwa rangi ni ule ule. Kisha tope lote likamwagwa mtaroni.

Rangi ya udongo ni kama jina la faili. Unaweza kuwa na mafaili mawili yanayoitwa "ripoti_mwisho", moja la jana, jingine la mwaka juzi. Ukitaka ukweli, angalia tarehe. Kwenye mashapo, chavua hukusaidia kuipata.

Chavua ni ule unga wa maua. Ganda lake ni gumu sana: maabara huyeyusha madini kwa asidi, lenyewe likabaki. Wataalamu huhesabu punje kwa hadubini, ngapi za nyasi, ngapi za miti ya msitu. Matabaka mawili yenye mchanganyiko unaofanana huenda ni ya wakati mmoja, hata yakiwa mbalimbali. Hapo unaweza kukisia vizuri zaidi kama mchanga wenye maji wa jirani unafika kwako au umekatika njiani.

Ziwa letu limeshasomwa hivyo. Mwaka 1969 R. L. Kendall alichapisha uchunguzi wa mashapo ya Ghuba ya Pilkington, upande wa Uganda: chini nyasi zimetawala, juu zaidi msitu unaingia.

Najua, njia hii haifai kila mahali. Mwamba wa volkano hauna chavua, udongo mwekundu huiharibu, na mashine huchanganya tope. Maabara nayo ina gharama. Lakini kopo lenye lebo ya kina ni shilingi ngapi?

Sheria ya Maji inamtaka mchimbaji aandike matabaka aliyopita na kuweka sampuli zake. Basi kumbukumbu hizo ziwekwe wazi kwenye intaneti, pamoja na za visima vikavu. Hata kisima cha baba mdogo kingemfaa mtu mwingine.

Ukichimba, dai sampuli zako kabla ya kulipa salio. Kazi ya programu nitaifanya bure. Wewe waonaje?