Wi-Fi ya nyumba isibaki mikononi mwa fundi

Mjini Goma, familia nyingi zinapokea jamaa waliokimbia vita, na Wi-Fi iliyofungwa kwa watu watano inatumiwa na kumi na watano. Je, nani anaiongoza?

Vifaa kama UniFi vya Ubiquiti au Omada vya TP-Link vinaongozwa na programu. Programu hiyo inapatikana bila malipo, na inaweza kukaa kwenye kompyuta ya nyumbani, hata ya zamani kidogo. Lakini kuna mafundi wanaoiweka kwao tu. Fundi akihama (vita havimchagui mtu), familia haiwezi tena kubadilisha neno la siri wala kumtoa jirani anayemaliza megabaiti. Inabaki kufuta kila kitu kwenye vifaa na kuanza upya.

Wengine watasema umeme unakatika kila mara. Ni kweli, lakini vifaa vikiwa kwenye betri, Wi-Fi inaendelea hata kompyuta ikizimika. Kinachosimama ni ukurasa wa kuingilia wageni, kama upo. Hatari ni umeme kukatika ghafla na kuharibu data za programu. Kwa hiyo nakala iwekwe kwenye flashi, ibebwe pamoja na vitambulisho siku ya kukimbia.

Tena programu hiyo inaandika simu zipi ziliingia na saa ngapi. Kwa mtu aliyekimbia makwao, orodha hiyo si jambo dogo. Kabla ya kumlipa fundi, familia imdai neno la siri la msimamizi na hiyo flashi.