Kilio chenye mpango

Ndugu mmoja wa korale ameuliza: kwenye kilio, tusome kitabu cha Maombolezo chote, ao tuchague tu ile mistari ya matumaini iliyo katikati? Mbele ya kujibu, tutazame namna kimejengwa.

Yerusalema ilianguka mikononi mwa Wababeli karibu mwaka 587 mbele ya Kristo. Njaa, moto, watu kupelekwa uhamishoni. Mtu angewaza kwamba huzuni ya namna hii itatoka ovyo ovyo. Hapana! Kitabu kiko na mashairi 5. Kiebrania kiko na herufi 22, na shairi la kwanza, la pili na la ine kila moja liko na mistari 22: wa kwanza unaanza na herufi ya kwanza, wa pili na ya pili, mpaka mwisho. La tatu liko na 66, mitatu kwa kila herufi. Sisi hatuoni kitu, juu herufi zinapotea wakati wa kutafsiri.

Sasa mapigo. Safu nyingi ziko na vipande viwili: cha kwanza mapigo 3, cha pili 2 tu. Ni kama mama anayelia: anaanza kwa nguvu, kisha pumzi inakatika. Mjerumani Karl Budde alieleza jambo hili mwaka 1882. (Si safu zote zinafuata, tusizilazimishe.)

Tena mtazame hii. Katika shairi la kwanza na la pili, karibu kila mstari uko na safu 3. Katika la ine, 2. Katika la tano, 1. Sauti inapunguka. La tano lingali na mistari 22, lakini herufi hazifuatani tena. Mimi naona kwamba mwenye kulia amechoka hata kupanga.

Na mwisho wake hauko na faraja. Unabaki na shaka kama Mungu amewakataa kabisa. Wayahudi wakisoma katika sinagogi, wanarudilia mstari ulio mbele ya ule wa mwisho, ili wasiishie pale.

Basi, ndugu wa korale, kama saa ni fupi, someni shairi la tano lote. Ni dakika chache tu. Mjane ambaye bwana yake amebaki chini ya udongo wa shimo, ukimletea matumaini usiku wa kwanza, anasikia kama unamwambia anyamaze. Ile mistari ya katikati mtaisoma siku ya kuvunja matanga.